Aliyeomba Kiti cha Mkono wa Kuume

SABATO MCHANA

Fungu la Kukariri: Ufunuo 3:19

Kiburi cha mtu wa dunia huonekana upesi, naye mwenyewe mara nyingi hakifichi. Kigumu kutambulika ni kile kinachokaa ndani ya mtu aombaye, atoaye zaka, ajuaye Maandiko, tena mwenye bidii kwa kazi ya Bwana. Kanisa la karne ya kwanza lilikuwa nacho. Kule Korintho washiriki waligawanyika wakijivunia walimu wao na karama zao. Diotrefe alilifanya kusanyiko kuwa kama mali yake. Laodikia walikaa wakijiona hawana walichopungukiwa.

Somo la juma hili lafuata maisha ya mtu mmoja aliyeishi kati ya waumini hao tangu mwanzo hadi karibu na mwisho wa karne ile: Yohana mwana wa Zebedayo. Wengi humkumbuka kama mtume wa upendo, yule aliyeegama kifuani pa Yesu. Picha hiyo ni ya kweli, ila ilichukua miaka mingi kuchorwa. Yohana wa mwanzo alikuwa mtu mwingine. Barua kali kuliko zote iliyopata kuandikiwa kanisa lililojitosheleza ilipita katika mkono wa mtu aliyewahi kuugua ugonjwa uleule.

JUMAPILI
Nyumba ya Zebedayo

Soma Marko 1:16–20 na 3:17. Mafungu haya yanaonyesha nini juu ya hali ya nyumbani kwa Yohana na tabia yake?

Zebedayo hakuwa mvuvi wa kuokoteza. Alikuwa na chombo chake, nyavu zake, na watu wa mshahara. Luka aongeza kwamba wanawe walishirikiana na Simoni katika kazi (Luka 5:10). Mkewe, ambaye kwa kulinganisha Mathayo 27:56 na Marko 15:40 aonekana kuwa ndiye Salome, alikuwa miongoni mwa wanawake waliomfuata Yesu kutoka Galilaya na kumhudumia. Tena, kama Yohana ndiye yule mwanafunzi mwingine wa Yohana 18:15, basi alijulikana hata nyumbani kwa kuhani mkuu, na neno lake lilitosha kumfungulia Petro mlango. Ilikuwa nyumba yenye kujiweza kidogo. Vijana waliokulia humo hawakuzoea kukaa nyuma.

Yesu aliwaita Yakobo na Yohana kwa jina la Boanerge, wana wa ngurumo. Marko aeleza maana ya jina, haelezi sababu. Hana haja, habari zinazofuata zinaeleza.

Mapema Yohana aliwekwa karibu kuliko wengi. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, lakini watatu tu waliingia chumbani mwa binti Yairo, na watatu haohao walipanda mlimani na kumwona Bwana aking'aa, Musa na Eliya wakizungumza naye. Nafasi hiyo alipewa bure. Hakuistahili kuliko Andrea wala Filipo. Lakini mtu akipewa zawadi mara ya kwanza hushangaa, mara ya pili hushukuru, na mara ya tatu huenda akaanza kuuliza kwa nini imechelewa.

JUMATATU
Mambo Matatu Katika Sura Moja

Soma Luka 9:46–56. Ni jambo gani linaloyaunganisha matukio haya matatu?

Mara baada ya mlima ule wa utukufu, Luka anapanga visa vitatu mfululizo. Katika cha kwanza, wanafunzi wanabishana ni nani aliye mkubwa kati yao. Katika cha pili, Yohana anamweleza Yesu kwamba walimwona mtu akitoa pepo kwa jina lake, nao wakamkataza kwa sababu hakufuatana nao. Katika cha tatu, kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu, na wale ndugu wawili wanaomba ruhusa ya kuita moto kutoka mbinguni uwateketeze watu hao.

Kisa cha katikati ndicho kinachostahili kukaliwa zaidi. Siku chache tu kabla yake, chini ya mlima, baba mmoja alikuwa amemleta mwanawe mwenye pepo kwa wanafunzi tisa waliobaki, nao wakashindwa mbele ya umati wote (Luka 9:40). Aibu ilikuwa bado mbichi. Ndipo anatokea mtu asiye wa kundi lao, hana mwito wa pwani ya Galilaya, hakuwahi kutumwa wawili wawili, naye anafanya kile ambacho wao hawakuweza. Waliokuwa wamefungwa na pepo wanafunguliwa. Mtu angetazamia furaha. Badala yake alikatazwa.

Sababu aliyoitoa Yohana haikumhusu Yesu. Hakusema kwamba mtu yule alifundisha uongo au alilitumia jina la Bwana kwa hila. Kosa lake lilikuwa kutokuwa pamoja nao. Kundi lilikuwa limechukua mahali pa Bwana wake, na Yohana hakuona kwamba badiliko hilo limetokea. Kwake ilikuwa ni uaminifu. Ndivyo kiburi cha kiroho kinavyoweza kumdanganya hata mtu mnyofu: kinakuja kimevaa nguo za bidii, na mwenye kuwa nacho hudhani anaitetea kazi ya Mungu.

Kisa cha Samaria ni hatua moja mbele. Eliya aliwahi kuita moto katika nchi hiyohiyo (2 Wafalme 1), na Yohana alikuwa amemwona Eliya mlimani kwa macho yake. Maandiko alikuwa nayo, mfano wa nabii alikuwa nao, hata hasira yake ilionekana kuwa ni kwa ajili ya heshima ya Bwana. Yesu aligeuka akawakemea. Kisha wakaenda kijiji kingine. Hakuna muujiza wala hotuba ndefu, na wanakijiji wale walilala salama usiku ule pasipo kujua walichokuwa wameombewa.

Je, ni mara ngapi bidii ya kulinda kanisa huwa ni hamu ya kulinda nafasi ya mtu ndani ya kanisa? Mshiriki angewezaje kuzitofautisha?

JUMANNE
Kikombe, Beseni na Misalaba Mitatu

Soma Marko 10:32–45 pamoja na Mathayo 20:20–28.

Safari ya mwisho ya kwenda Yerusalemu ilikuwa imeanza. Yesu aliwachukua wale kumi na wawili kando, akawaeleza kwa mara ya tatu yatakayompata: kukabidhiwa, kudhihakiwa, kupigwa mijeledi, kuuawa. Marko anaandika neno hilo, na mara anawaleta Yakobo na Yohana wakiomba kuketi, mmoja mkono wa kuume na mmoja mkono wa kushoto, katika utukufu wake. Mathayo anasema mama yao alikuwa pamoja nao katika ombi hilo. Hawakumsikia kabisa. Au walisikia neno ufalme, mengine yakapita kama upepo.

Ni vema kutowahukumu upesi. Ombi lao lilikuwa na imani ndani yake. Waliamini kweli kwamba Mtu huyu aliyekwenda kwa miguu vumbini atatawala. Walimpenda, wakataka kuwa karibu naye. Lakini viti vya kuume na kushoto ni viwili tu, na kuviomba ni kuomba wengine kumi wakae mbali. Yesu alipouliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake, walijibu pasipo kusita kwamba wanaweza. Na wale kumi waliposikia walikasirika, jambo linaloonyesha kwamba nao walikuwa wamevitolea macho viti vilevile.

Hata chumba cha juu hakikumaliza mashindano. Luka anasema ubishi juu ya ukubwa ulizuka tena mezani (Luka 22:24). Petro na Yohana ndio waliotumwa kuiandaa Pasaka ile (Luka 22:8). Chumba kilikuwa tayari, mwana-kondoo tayari, mikate na divai tayari. Hakuna aliyewatawadha wengine miguu. Waandalizi wawili walikuwa wamekumbuka kila kitu isipokuwa kazi ya mtumwa, au waliikumbuka na kila mmoja akamngojea mwenziwe. Yesu akaondoka chakulani, akajifunga kitambaa.

Miaka mingi baadaye, habari ya beseni lile iliandikwa na mtu mmoja tu kati ya waandishi wanne wa Injili. Mathayo hakuiandika, Marko hakuiandika, Luka hakuiandika. Aliyeiandika ni yule aliyeomba kiti (Yohana 13).

Siku iliyofuata Yohana alisimama Golgotha karibu na mama yake Yesu. Juu ya kichwa cha Bwana palikuwa na maandishi yaliyomtaja kuwa mfalme. Mkono wake wa kuume alikuwapo mtu, na mkono wa kushoto alikuwapo mtu, wote wawili wanyang'anyi. Kama Yohana alikumbuka ombi lake wakati ule, hakuandika. Salome naye alikuwa akitazama kwa mbali pamoja na wanawake wengine (Marko 15:40).

JUMATANO
Kurudi Samaria

Soma Matendo 8:14–25 na 3 Yohana. Linganisha mtu anayeonekana katika mafungu haya na yule wa Luka 9.

Baada ya Pentekoste Yohana yupo kila mahali pamoja na Petro, na karibu kila mara Petro ndiye anayesema. Mlangoni pa hekalu Petro anamwinua kiwete. Yohana amesimama kando. Mbele ya baraza Petro anajibu. Mwana wa ngurumo amejifunza kuwa mtu wa pili, na Luka haonyeshi popote kwamba jambo hilo lilimsumbua.

Kisha habari ikafika Yerusalemu kwamba Samaria imelipokea neno la Mungu, kwa mahubiri ya Filipo. Mitume wakamtuma Petro na Yohana. Mtu aliyetaka moto ushuke juu ya Wasamaria akaweka mikono yake juu ya vichwa vyao, nao wakampokea Roho Mtakatifu. Wakati wa kurudi, wawili hao hawakuchukua njia ya haraka. Walihubiri Injili katika vijiji vingi vya Wasamaria. Luka havitaji kwa majina. Huenda kile kilichofunga milango yake kilikuwa kimojawapo.

Hukohuko Samaria Yohana alikutana na Simoni mchawi, aliyetoa fedha ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho. Petro alimkemea vikali. Yohana, bila shaka, alikubaliana naye, ingawa yeye mwenyewe aliwahi kuomba cheo katika mambo matakatifu, tofauti ikiwa tu kwamba hakuleta fedha.

Kikombe nacho kilikuja. Herode Agripa alimwua Yakobo kwa upanga (Matendo 12:2) kabla yeye mwenyewe hajafa mwaka 44. Wa kwanza kufa kati ya mitume, ukimwacha Yuda, ni ndugu yake Yohana. Yeye akaachwa aishi miaka mingi zaidi. Paulo alipokwenda Yerusalemu alimkuta Yohana akihesabiwa kati ya nguzo za kanisa, naye akampa Paulo mkono wa shirika (Wagalatia 2:9). Mtu huyu Paulo hakuwa pamoja nao kule Galilaya, wala hakutembea na Yesu hata siku moja. Yohana wa zamani angemkataza.

Maandishi ya kanisa la kwanza yanaonyesha kwamba alizeekea Efeso, mji mkubwa wa Asia. Asifikiriwe kuwa alikuwa amelainika mpaka asijali kweli. Irenaeus, aliyekuwa amemsikia Polycarp wa Smirna katika ujana wake, anaandika kisa kilichosimuliwa na Polycarp: Yohana aliingia nyumba ya kuogea huko Efeso, akasikia kwamba Kerintho, mwalimu wa uzushi, yumo ndani, akatoka mbio kabla ya kuoga, asije akaangukiwa na jengo. Ngurumo ilikuwa bado ipo. Kilichobadilika ni jambo lililoiamsha. Zamani iliamshwa na heshima yake na ya kundi lake. Sasa iliamshwa pale Kristo alipokanwa.

Katika waraka wake wa kwanza anarudia mara kwa mara kuwapima watu kwa yale wanayojisemea. Wako wasemao kwamba hawana dhambi. Wako wasemao kwamba wanamjua Mungu, na amri zake hawazishiki. Wako wadaio kuwa nuruni huku wakimchukia ndugu. Walimu hao walikuwa wametoka katika kanisa wakijihesabu kuwa wamepata nuru kuliko wenzao. Yohana hawapi hoja ngumu. Anauliza juu ya ndugu anayeonekana kwa macho.

Waraka wa tatu ni mfupi mno, unaenea katika ukurasa mmoja. Gayo anasifiwa kwa kuwapokea ndugu wasafiri. Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza, amekataa barua ya mzee, amewakataa ndugu, na wanaotaka kuwapokea anawazuia na kuwatoa katika kanisa. Maneno ya kumkataza mtu asiyefuatana nasi yamerudi, safari hii kinywani mwa mwingine. Yohana alimjua mtu wa namna hiyo kwa undani. Alikuwa amemwona katika maji ya Galilaya kila alipoinama. Anaahidi kwamba akija atayakumbusha matendo ya Diotrefe mbele ya wote. Hanyamazi, wala haombi moto.

ALHAMISI
Barua kwa Walioshiba

Soma Ufunuo 3:14–22. Ni mambo gani mabaya ambayo kanisa hili halikushtakiwa nayo?

Irenaeus anaweka maono ya Ufunuo karibu na mwisho wa utawala wa Kaisari Domitian, aliyetawala mwaka 81 hadi 96. Mzee huyo alikuwa katika Patmo, kisiwa kidogo chenye mawe katika bahari ya Aegea, kwa ajili ya neno la Mungu. Huko aliambiwa aandike kwa makanisa saba.

Laodikia ilikuwa katika bonde la mto Lycus, karibu na mji wa Denizli katika Uturuki ya leo. Mji ulikuwa na biashara ya fedha, sufu nyeusi laini iliyosifiwa mbali, na jirani yake palikuwa na shule ya waganga. Mwaka 60 tetemeko la ardhi liliuharibu. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliona jambo la kuandikwa: Laodikia ilijijenga upya kwa mali yake yenyewe, pasipo msaada wa serikali. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mji ulioweza kumwambia Kaisari kwamba hauhitaji kitu ulikuwa na kanisa lililofika mahali pa kumwambia Kristo vivyo hivyo.

Maji yao yaliletwa kwa mabomba ya mawe, ambayo mabaki yake yaonekana hata leo yakiwa na utando mnene wa chokaa ndani. Hierapoli, kilomita 10 hivi ng'ambo ya bonde, ilikuwa na chemchemi za moto zilizotumiwa kwa uponyaji. Kolosai ilikuwa na maji baridi ya mlimani. Moto hufaa, baridi hufaa.

Ukiisoma barua hii baada ya zile sita, jambo moja linashtua. Hapa hakuna Yezebeli, hakuna Wanikolai, hakuna fundisho la Balaamu. Hakuna mateso pia. Kanisa lilikuwa limeanzishwa kwa taabu ya Epafra (Wakolosai 4:13), likapata hata waraka wa Paulo. Mafundisho yake hayakulaumiwa kwa neno hata moja. Lilikuwa limetosheka tu. Na Bwana wake alikuwa nje, mlangoni, akibisha.

Barua hii ina desturi ya kupelekwa kwa jirani. Waadventista wa kwanza walioshika Sabato walikuwa wamezoea kujihesabu kuwa Filadelfia, na Laodikia wakawaachia Waadventista wenzao walioikataa Sabato. Mwaka 1856 James White akaanza kuandika kwamba ujumbe huu ni wao wenyewe. Wengi waliupokea kwa machozi. Lakini hata kukiri kuwa Laodikia kwaweza kuwa fahari mpya, kama wa kanisa moja wakijiona bora kuliko wengine kwa kuwa wao wanajua kwamba ni vuguvugu.

Yohana aliandika kama alivyoambiwa: mnyonge, mwenye mashaka, maskini, kipofu, uchi. Kisha akaandika shauri la kununua dhahabu, mavazi meupe na dawa ya macho kutoka kwa Yeye ambaye maskini huuziwa naye pasipo fedha. Halafu likaja neno la mwisho, ahadi kwa ashindaye. Efeso iliahidiwa mti wa uzima. Smirna, kutodhuriwa na mauti ya pili. Laodikia, kanisa baya kuliko yote saba, iliahidiwa kuketi pamoja na Kristo katika kiti chake cha enzi. Mkono wa mzee uliandika hapo lile jambo aliloliomba akiwa kijana njiani kwenda Yerusalemu, likitolewa sasa kwa yeyote atakayefungua mlango, pasipo kutajwa viti viwili.

IJUMAA
Mkono wa Kuume wa Kijana

Domitian alipokufa Yohana alirudi Efeso, akaishi hadi siku za Kaisari Trajan. Clement wa Aleksandria, aliyeandika miaka mia hivi baadaye, alihifadhi kisa kilichosimuliwa juu ya siku hizo za uzee.

Katika mji mmoja wa jirani Yohana alimwona kijana mwenye nguvu na akili, akamkabidhi kwa msimamizi wa kanisa la pale mbele ya washiriki wote. Msimamizi alimlea, akambatiza, kisha akalegeza uangalizi, akiona kwamba sasa yuko salama. Kijana akapata marafiki wabaya, akaanza kuiba, mwisho akawa mkuu wa kundi la wanyang'anyi mlimani. Yohana aliporudi na kuidai amana yake, msimamizi aliinamisha kichwa akasema kijana huyo amekufa, amekufa kwa Mungu. Hilo lilikuwa jibu la mtu aliyekwisha kufunga hesabu.

Mzee alirarua vazi lake. Akaomba farasi na mtu wa kumwonyesha njia, akaondoka vivyo hivyo alivyokuwa. Walinzi wa wanyang'anyi walimkamata, naye hakukimbia. Aliomba apelekwe kwa mkuu wao. Kijana alipomtambua alishikwa na aibu akakimbia. Yohana, akisahau umri wake, akamfuata mbio huku akimwita mwanawe na kumsihi asiogope, kwamba angali ana tumaini, na kwamba yeye yu tayari kufa kwa ajili yake.

Kijana akasimama, akatupa silaha, akaanza kutetemeka na kulia. Alimkumbatia mzee, lakini mkono wake wa kuume aliuficha, kwa sababu ya damu uliyoimwaga. Yohana akapiga magoti, akaubusu mkono ule. Akamrudisha kanisani, akaomba na kufunga pamoja naye, wala hakuondoka katika mji ule mpaka alipomrejesha mahali pake kati ya ndugu.